Desemba Hii, Mbwa Unamwachia Nani?

Desemba ikibisha hodi, mtaa wetu wa Majengo huanza kupungua watu kama sufuria ya pilau iliyozungukwa na watoto. Shule zimefungwa, mitihani imekwisha, na kila ukipita njia ya Gikomba unapishana na watu waliobeba mizigo. Huyu ana gunia la mitumba ya kupelekea mashangazi, yule ana blanketi jipya la nyanya, na mwingine kamkumbatia mtoto mkono mmoja na redio mkono wa pili. Wote mbio kuelekea stendi ya mabasi ya Machakos, maana nauli nayo ikifika tarehe ishirini huwa imepanda mti ikakataa kushuka.

Kila kitu huwa kimepangwa. Ufunguo ameachiwa mwenye nyumba. Televisheni imehamishiwa kwa jirani asiyesafiri. Kuku ama amechinjwa ama amefungwa miguu akatiwa kikapuni kwenda ushago kuchinjiwa huko. Hata ua lililopandwa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia lina mtu wa kulinyunyizia maji. Lakini hebu uliza, "Na mbwa je?" Utajibiwa kwa neno moja tu: "Atajitafutia."

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Najua kuna wenzangu watakaocheka. Majengo na mbwa, wapi na wapi? Mtaa huu, tangu Pumwani ilipoanzishwa na serikali ya mkoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, umekuwa mtaa wa Waislamu na nyumba za Kiswahili, vyumba vikitazamana kwenye ujia mmoja, choo kimoja na bomba moja. Mbwa utamweka wapi? Naam, vyumbani hawamo. Lakini tembea usiku uone. Nenda kwenye karakana za seremala, kwenye mabohari ya mbao ya Gikomba, kwenye vibanda vya mabati kule Kamukunji, kwa wale wanaofuga mbuzi na kondoo nyuma ya nyumba. Mbwa wamejaa. Sio wale wa sinema waliovalishwa sweta. Ni mbwa wa kawaida, rangi ya udongo, sikio moja limekatika vitani, na kazi yao ni moja: kubweka mtu asiyejulikana akikaribia mali ya watu. Wengi wetu karo yetu imetoka kwenye vibanda hivyo. Kwa hivyo tusijifanye hatuwajui.

Wengine nao watasema, na hawa nawaheshimu zaidi, kwamba kuna watu Majengo wanaolala njaa, iweje nije hapa kuhubiri habari za chakula cha mbwa? Jibu langu ni fupi. Mtu mwenye njaa anaweza kugonga mlango wa jirani akaeleza shida yake. Mbwa aliyefungwa kamba hawezi. Na wewe ndiwe uliyemfunga hiyo kamba, hakuna aliyekulazimisha. Isitoshe, huyo tunayemzungumzia amekufanyia kazi ya bawabu mwaka mzima bila mshahara, bila siku ya kupumzika, bila hata kitambulisho.

Desemba iliyopita, karibu na kwetu, karakana moja ilifungwa tarehe kumi na tisa. Mwenyewe aliondoka alfajiri kwenda kwao magharibi. Mbwa aliachwa ndani ya ua wa mabati, kamba shingoni, karai la maji pembeni, na kijana mmoja wa hapo kijiweni akapewa pesa za wiki mbili, zote kwa mpigo, amlishe. Sitamtaja mwenye karakana wala kijana, maana hawa ni watu wetu na Majengo ni ndogo. Siku ya kwanza yule mbwa alizunguka zunguka na kamba yake akapindua karai. Siku ya pili tukaanza kumsikia. Usiku hakubweka, alilia, na sauti ile ilipenya mabati mpaka kwenye vyumba vya watu waliochoka. Wazee wanaokwenda kuswali alfajiri walipita hapo wakitikisa vichwa. Kijana yule alikuwa amekula sikukuu mapema. Simu yake ilikuwa mteja hapatikani. Majirani walitaka kusaidia lakini ni nani angeruka ua kumwingilia mbwa mlinzi mwenye njaa? Watu walirusha vipande vya chapati juu ya mabati, vingine vikaangukia mahali kamba isipofika. Siku ya nne mama mmoja muuza samaki akapata nambari ya mwenyewe, akampigia, na fundi mwenzake mwenye ufunguo akaletwa kutoka Shauri Moyo. Yule mbwa alipona. Shingo yake ndiyo ilikuwa imechunika nyama nyekundu, na hadi leo ukikohoa tu anaruka.

Ninachotaka mjue ni kwamba mwenye karakana si mtu mbaya. Huyo mbwa humwita kwa jina na humnunulia mifupa kila Jumamosi. Alitoa pesa, tena si haba. Basi kilichoharibika ni nini? Nimelifikiria jambo hili sana, na naona alikosea mambo ambayo karibu kila mtu Majengo huyakosea. Alitafuta mtu wa kuchukua pesa badala ya kutafuta mtu anayelala karibu. Alilipa kabla ya kazi. Hakuacha ufunguo kwa mtu wa pili. Na hakumjulisha jirani hata mmoja kwamba kuna kiumbe ndani. Sheria ya nchi yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ile Sura ya 360, inahesabu kumnyima mnyama chakula na maji kuwa ni kosa, na mahakama haitakuuliza kama ulikuwa ushago ukila kuku.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mtu anasafiri, ana mbwa, afanye nini?

Kuna wanaosema tumpeleke kwenye yale mabweni ya mbwa upande wa Karen na Lang'ata, ambako analala kwenye chumba chake na kutembezwa asubuhi. Mahali hapo ni pazuri kwa wenye uwezo, sina kinyongo. Lakini tuambiane ukweli: malipo yao ni ya kila usiku, na siku kumi na nne za Krismasi zikijumlishwa, seremala wa Gikomba ataona afadhali asisafiri. Hata hivyo wanafanya jambo moja ambalo sisi tungepaswa kuwaiga, nalo nitalirudia: hawampokei mbwa bila kadi ya chanjo. Wengine hudhani kwamba wanaweza kumpeleka mbwa kwa KSPCA, chama cha kulinda wanyama kilichoko Barabara ya Lang'ata, kisha wapitie kumchukua Januari. Chama hicho kimekuwapo tangu 1910 na kazi yake ni kuokoa wanyama walioteswa na kutupwa. Ukimwacha mbwa mzima huko ili wewe uende kula sikukuu, umechukua nafasi ya yule aliyeokotwa amegongwa na gari.

Kumbeba kwenye basi? Jaribu umwambie makanga. Utaachwa stendi wewe, mbwa, na gunia lako.

Njia inayopendwa zaidi ni kumpeleka kwa ndugu katika mtaa mwingine, Kayole ama Umoja. Hapa ndipo mimi napingana na wengi. Mbwa wa Majengo anajua Majengo kwa pua. Mwondoe umpeleke Kayole kwa shemeji asiyemjua, naye usiku wa kwanza ataguguna kamba na kuanza safari ya kurudi. Atavuka Outer Ring, atafuata Jogoo Road usiku wa malori na mabasi ya sikukuu, na hapo tena tumuombe Mungu. Mnakumbuka habari za Hachiko, yule mbwa wa Japani? Bwana wake, Profesa Ueno, alifariki dunia mwezi wa Mei mwaka 1925. Watu wengi wanajua tu kwamba mbwa yule alimngoja kwenye stesheni ya Shibuya mpaka alipokufa Machi 1935. Wasichojua ni kwamba kwanza alipelekwa kwa jamaa, akatoroka, akarudi kwenye nyumba ya zamani. Mwishowe aliyemtunza ni mtu aliyekuwa akitunza bustani ya profesa, ambaye mbwa alimfahamu, na ambaye nyumba yake haikuwa mbali na stesheni ile. Aliyemfaa hakuwa jamaa wa bwana wake. Alikuwa ni mtu wa karibu ambaye mbwa mwenyewe alimjua.

Kwa hivyo rai yangu ni hii: mbwa wa hapa abaki hapa, kwenye ua wake, na mtu ndiye aende alipo mbwa. Tena mtu huyo alale hapo, ama mlango wa pili. Kupita mara moja mchana na kumwaga ugali juu ya ua hakutoshi. Usiku ndio wa hatari. Usiku ndipo wezi wanapokuja, ndipo fataki za mwaka mpya zinapolia na mbwa kutaka kuruka ukuta, na ndipo moto unaposhika. Sote tunajua jinsi Gikomba inavyoungua. Mbwa aliyefungwa kamba ndani ya karakana ya mbao, mlango una kufuli na mwenye ufunguo yuko Busia, huyo hata zimamoto wakifika atakuwa amekwisha.

Lakini alale nani? Hapa pana jambo ambalo watu wa Majengo hulipita kimya kimya, nami nitalisema kwa adabu. Majirani zetu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Imam Shafi, kama ilivyo pwani yote. Kwao mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Si chuki, ni tohara. Basi si uungwana umbebeshe mama wa watu, anayeswali mara tano kwa siku, kazi ya kumlisha mbwa wako kwa bakuli zake, kisha unaporudi ukamletea nusu kilo ya sukari ukidhani umelipa. Ataona haya kukukatalia kwa sababu ya ujirani. Ndani ya moyo umemtesa.

Kwa upande mwingine, nakataa kabisa wale vijana wanaompiga mbwa mawe na kusingizia dini. Mwalimu wetu wa dini alitusimulia hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamghufiria. Na katika Sura ya Kahfi wale vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao, naye amekaa kizingitini. Dini pia imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Tena maulamaa wenyewe hawakusema kwa kauli moja. Imam Malik hakumhesabu mbwa aliye hai kuwa najisi. Mimi si shekhe, sitaingia humo zaidi. Ninachosema ni kwamba jirani Mwislamu anaweza kukusaidia sana bila kuguswa na mbwa: akae na nambari yako ya simu, akae na ufunguo wa pili, asikilize usiku, na akisikia kilio kisicho cha kawaida akupigie. Kazi ya bakuli na kamba mpe mwingine. Na bakuli liwe la mbwa mwenyewe, lisitoke kwenye ua huo.

Huyo mwingine umchague vipi? Usiangalie maneno. Kila mtu Majengo anapenda mbwa pesa zikitajwa. Mwangalie mbwa. Mlete huyo mtu wiki mbili kabla ya safari, umpe chakula amlishe wewe ukiwa umesimama pale. Siku ya pili simama mbali. Siku ya tatu usije kabisa. Kisha, kabla hujakata tiketi, mwache alale hapo usiku mmoja na wewe ukalale kwenu. Asubuhi nenda uone: maji yapo? Kamba imelegea? Mbwa anamtikisia mkia ama amejikunyata pembeni na kuonyesha meno? Usiku huo mmoja utakufunza mengi kuliko barua kumi za sifa. Mimi naamini mbwa ana maoni yake katika jambo hili, na ni maoni ya bure, sijui kwa nini hatuyaulizi.

Sasa nirudi kwenye ile kadi. Hili ndilo jambo ambalo linaweza kumwua mtu, kwa hivyo wale mlioanza kusinzia amkeni. Kichaa cha mbwa si hadithi ya nyanya. Kiligunduliwa kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi mwaka 1912 na hakijaondoka Kenya tangu siku hiyo. Hukadiriwa kwamba duniani huua watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wakiwa wameumwa na mbwa. Hapa nchini makadirio hufika watu 2,000 kwa mwaka. Serikali ilitoa mpango wa kukimaliza kati ya 2014 na 2030. Ubaya wake ni kwamba dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Uzuri wake ni kwamba kabla dalili hazijaanza, kinazuilika kabisa. Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, tarehe 6 Julai 1885 baada ya kuumwa na mbwa, naye akaishi.

Sasa jiulize. Umemwachia kijana mbwa wako, umeenda zako. Mbwa ana wasiwasi, bwana wake haonekani, mgeni anamkaribia na chakula, na mdogo wake kijana anakuja kuchungulia. Kuumwa ni rahisi mno hapo. Mtoto ameumwa, watu wanauliza, "Huyu mbwa amechanjwa?" Nani ajuaye? Kadi iko kwenye sanduku, sanduku liko chumbani, chumba kina kufuli, na ufunguo uko nawe Vihiga. Familia ile itaanza kuhangaika hospitali kutafuta sindano kadhaa za siku zilizopangwa, na pesa za sikukuu zote zitaishia huko. Haki iko wapi?

Kwa hivyo mbwa asiye na chanjo ya mwaka huu asiachiwe mtu. Nasema asiachiwe, nukta. Septemba 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na karibu na siku hiyo mara nyingi madaktari wa mifugo huzunguka kuchanja mbwa bila malipo. Aliyepitwa aende kliniki, kule Kabete chuo kikuu kina kliniki ya wanyama wadogo. Chanjo isingoje siku ya kusafiri, maana mwili wa mbwa huhitaji muda wa wiki chache kujijengea kinga. Kadi aiache kwa mtunzaji, na amweleze mambo haya wazi: mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, kwa saa, si kwa kukisia, kisha hospitali bila kungoja asubuhi. Na mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe, atazamwe siku kumi. Akiwa na kichaa kinachoambukiza, atakuwa ameonyesha dalili ama amekufa kabla siku hizo kuisha. Ukimwua na kumtupa pale mtoni, daktari atakosa cha kutazama.

Kuhusu chakula sina mengi, ila moja. Mbwa wengi wa hapa hulishwa mapupu na matumbo kutoka soko la Burma, kwa kuwa ni rahisi. Vizuri, lakini yachemshwe! Mapupu na maini ya mbuzi na kondoo huweza kuwa na vifuko vya maji ambavyo ndani yake mna mbegu ya tegu mdogo. Mbwa akivila vibichi, tegu hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na mtu akiyala kwa mikono michafu humwotea uvimbe ndani ya ini ama mapafu, akapasuliwa hospitali. Turkana iliwahi kuhesabika miongoni mwa sehemu zenye maradhi hayo kwa wingi zaidi duniani. Basi mtunzaji aachiwe sufuria ya kuchemshia, makaa ama mafuta ya taa, na aambiwe kwamba mifupa ya kuku iliyopikwa si zawadi ya Krismasi, hupasuka kama sindano. Maji yawe mengi, karibu lita moja kwa siku kwa mbwa wa kilo kumi na tano, na karai liegemezwe kwa mawe mawili lisipinduke. Yule wa karakana niliyemtaja angekuwa na mawe hayo mawili, pengine hadithi yake ingekuwa nyingine.

Na kamba jamani! Ikiwezekana mbwa asifungwe, ua utoshe. Ikibidi, atiwe ukanda mpana shingoni, si kamba ya katani.

Tuje kwenye chapaa. Wengi wetu tunaona haya kulipa jirani, na jirani anaona haya kudai, halafu kazi inafanywa nusu nusu kwa jina la undugu. Mimi natetea malipo. Kazi ya usiku kumi na nne ni kazi. Patana bei ya usiku mmoja, hata ikiwa ndogo, na ulipe kila baada ya siku mbili ama tatu kwa simu. M-Pesa iko mfukoni mwa kila mtu siku hizi, sababu ya kulipa kwa mpigo haipo tena. Na kabla hujatuma, omba picha: mbwa, bakuli na maji, ipigwe leo. Wengine wataona hiyo ni kumshuku mtu. Sivyo. Duka la mbao likifungwa fundi huhesabu mbao mbele ya mlinzi, na hakuna anayekasirika. Pesa za chakula ziwe mbali na ujira, maana zikichanganywa, chakula ndicho hupunguzwa.

Hapo ndipo ninapokuja kwetu sisi wanafunzi. Tunapofunga muhula wa tatu, wengi wetu hatuendi popote. Wazazi wetu ni wazaliwa wa Majengo, ushago wetu ni papa hapa Digo Road. Tunashinda kijiweni tukihesabu manyanga yanayopita. Kwa nini tusiifanye kazi hii? Wanachama wawili wawili, si mmoja mmoja, ili mmoja akiugua mwingine yupo. Majina yetu na ya wazazi wetu yaandikwe kwenye daftari la chama, na mwalimu mlezi awe na nakala. Tusichukue mbwa asiye na kadi, hata mwenyewe akitoa pesa maradufu. Tusichukue mbwa ambaye hatujalala naye usiku ule mmoja wa kumjaribu. Na mwanachama ambaye nyumbani kwao mbwa ni tatizo la tohara asilazimishwe; yeye ashike daftari na simu, kazi hiyo nayo ina malipo yake. Najua kuna walimu watakaosema chama cha Kiswahili kina uhusiano gani na mbwa. Mapatano ya namna hii lazima yaandikwe, tena kwa lugha ambayo seremala, mama samaki na kijana wa kijiweni wote wanaielewa. Ni nani mwingine shuleni humu atayaandika?

Nimeshajaribu kuandika moja. Lina jina la mbwa, tarehe ya chanjo, anachokula, anachoogopa, bei ya usiku, nambari mbili za simu, na mahali ulipo ufunguo wa pili. Kifungu kilichonitoa jasho ni cha mwisho, kinachohusu mwenyewe kukawia kurudi, kwa sababu mabasi ya Januari tunayajua. Nimeandika kwamba akikawia, kila usiku unaozidi utalipwa bei ile ile na nusu yake, na mtunzaji hataondoka mpaka amkabidhi mbwa mkono kwa mkono, hata kama yeye mwenyewe shule imefunguliwa na amechelewa gwaride. Walimu wa zamu mtatusamehe asubuhi hiyo.